Gari likilala gereji kwa waranti, mteja asitozwe la kuazima

Anayenunua gari jipya kwa wakala wa Nairobi au Dar es Salaam huondoka na kijitabu cha waranti, mara nyingi cha miaka 3 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Kijitabu hicho hueleza sehemu zitakazotengenezwa bure na zile zisizohusika: pedi za breki, wipa, balbu, matairi. Ni nadra kukuta humo maelezo ya jinsi mteja atakavyofika kazini giaboksi ya gari lake ikiwa imeshushwa chini. Siku hiyo ikifika ndipo anaambiwa pale kaunta kwamba kuna gari dogo la kuazima, ila atalilipia kwa siku, na pengine ada hiyo hupewa jina la bima ili isifanane na kodi ya gari. Naamini ada hiyo haifai kutozwa pale ambapo gari linatengenezwa kwa waranti. Muda wa matengenezo uko mikononi mwa muuzaji, na mwenye kuushika muda ndiye anayepaswa kubeba gharama yake.

Hebu tulifuate gari likishapita geti la gereji. Fundi analiunganisha na kompyuta, anasoma hitilafu, anapiga picha kifaa kilichoharibika, kisha ombi la waranti linapelekwa kwa mtengenezaji liidhinishwe. Kibali kikitoka, spea inaagizwa. Ikiwa haipo stoo, itatoka Japani, Thailand au Afrika Kusini, kwa ndege au ndani ya kontena, ipite forodha, ndipo ifike kwa fundi. Katika safari yote hiyo hakuna hatua ambayo mteja anaweza kuiharakisha. Wakala ndiye anayeamua spea zipi ziwekwe stoo, mafundi wangapi waajiriwe, na mzigo uje kwa ndege au usubiri meli. Sasa akiwa anamtoza mteja kila siku gari la kuazima linapokuwa nje, kila siku ya kuchelewa inamwingizia fedha. Simtuhumu yeyote kwamba anachelewesha kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba hakuna kinachomsukuma aharakishe. Gharama ya gari hilo ikiwa juu yake, meneja wa sevisi atakuwa na sababu ya kuulizia ile spea kila asubuhi.

Sheria zetu nazo zinaelekea huko huko. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania zina asili moja, ile sheria ya Uingereza ya 1893, ambayo ilipima fidia ya kuvunjwa kwa ahadi ya ubora kwa kuangalia hasara inayofuata moja kwa moja, kama mambo yaendavyo kwa kawaida. Sioni hasara iliyo ya moja kwa moja kuliko mtu kukosa gari alilolinunua ili alitumie. Uingereza wenyewe walisonga mbele. Sheria yao ya haki za walaji ya 2015 inamtaka muuzaji wa bidhaa yenye kasoro aitengeneze katika muda unaofaa, bila kumletea mnunuzi usumbufu mkubwa, naye muuzaji abebe gharama zote za lazima za kazi hiyo. Haitaji gari la kuazima kwa jina, lakini kwa anayeishi mbali na kituo cha basi, au anayepeleka mzazi hospitali kila wiki, wiki 3 bila gari ni usumbufu mkubwa kwa kipimo chochote.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni kwamba hakuna gari la bure. Wakala akilazimika kuweka magari ya kuazima, ayakatie bima, ayafanyie sevisi na kuyabadilisha yakichakaa, gharama hiyo ataisukuma kwenye bei ya magari mapya, na watu wote watamlipia yule mmoja aliyepatwa na hitilafu. Ni hoja ya kweli, na Uingereza ina ushahidi wake. Huko yaliibuka makampuni yanayompa gari la kukodi dereva aliyegongwa, bila yeye kutoa chochote, kisha bili inapelekwa kwa bima ya aliyemgonga. Bili hizo zilipanda mno kuliko bei ya kawaida ya kukodi. Mwaka 2000, katika kesi ya Dimond dhidi ya Lovell, majaji wa ngazi ya juu kabisa wa nchi hiyo waliweka wazi kwamba gharama ya ziada ya mpango wa namna hiyo si lazima ibebwe na upande uliosababisha ajali. Hata hivyo tatizo halikwisha. Septemba 2014, mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilitoa ripoti kuhusu bima ya magari, ikaeleza kwamba anayesimamia gharama za gari mbadala si yule anayezilipa, na kwamba mtengano huo unapandisha bei ya bima kwa madereva wote.

Ukiisoma ripoti hiyo kwa makini, inaunga mkono hoja yangu. Gharama zilivimba kwa sababu aliyekuwa akiamua gari lipi litolewe, na kwa siku ngapi, hakuwa mlipaji. Wakala anayemtoza mteja wa waranti analirudia kosa lile lile upande wa pili wa kaunta: yeye anaamua siku, mteja analipa. Mwenye kuamua akiwa ndiye mlipaji, siku zitapungua, na gharama itakayoingia kwenye bei ya gari jipya itakuwa ndogo kuliko inavyohofiwa. Isitoshe, wakala hayuko peke yake. Kazi ya waranti hulipwa na mtengenezaji, na hakuna kinachomzuia wakala kumdai pia gharama ya gari la kuazima. Mifuko ya hewa ya magari iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ilipoonekana kuwa hatari na vipuri vya kuibadilisha vikaadimika, Honda iliwapa wateja wake wa Marekani magari ya muda bila malipo wakati wakisubiri. Kiwanda kikitaka, fedha hupatikana.

Wapo wanaohofia wateja wakorofi: anayerudisha gari tangi likiwa tupu, mwenye faini za mwendo kasi, anayeambiwa gari lake liko tayari akakaa na la kuazima wiki nzima. Hao walipe. Mafuta, faini na mikwaruzo ni mambo yaliyo mikononi mwa dereva, kwa hiyo ni haki yamrudie, na tangu siku aliyopigiwa simu achukue gari lake, ada ya siku ianze kuhesabika. Kwa mantiki hiyo hiyo, sina ugomvi na ada kwenye sevisi ya kawaida. Mteja anaijua kilomita yake, anachagua siku, na anaweza kuamua kupanda matatu asubuhi na kurudi jioni. Akitaka gari siku hiyo, alilipie, mradi bei iwe imebandikwa ukutani naye ameiona kabla ya kutia saini. Kampuni za bima huuza huduma ya gari mbadala kama nyongeza ya hiari, na anayeitaka huinunua akijua anacholipia.

Wakala mdogo mwenye magari machache ana ugumu wa kweli, na huyo asilazimishwe kujenga kundi la magari ya kuazima. Anaweza kumlipia mteja teksi, au kumpa kiasi cha nauli kilichoandikwa kwa kila siku inayozidi siku 2. Kwa mwenye pikapu ya kubebea mboga hadi soko la Wakulima, gari dogo halimsaidii hata likiwa bure. Fedha ya kukodi pikapu nyingine ndiyo itakayomfaa.

Mamlaka ya Ushindani ya Kenya na Tume ya Ushindani ya Tanzania zina jukumu la kumlinda mlaji, na jambo hili haliwazidi nguvu: kila kijitabu cha waranti kiseme kwa maandishi mteja atapewa nini gari likilala gereji, na kuanzia siku ya ngapi. Mpaka wafanye hivyo, wewe unayeenda kununua gari jipya mwezi huu liulize swali hilo kabla hujalipa amana, na jibu liandikwe kwenye mkataba.