Kabla ya bomba la moshi, waangalie shokapu za mbele

Mwaka 2023 kule Mugello, Italia, Brad Binder wa Afrika Kusini alifikisha kilomita 366.1 kwa saa akiwa juu ya KTM yake, na mashabiki wa MotoGP wakaishangilia namba hiyo kama bao la dakika ya 90. Kilichosahaulika ni sekunde chache zilizofuata. Mwisho wa ile barabara iliyonyooka kuna kona ya San Donato, na mwenye mwendo huo lazima aushushe hadi karibu mia moja kabla hajailaza pikipiki. Hapo injini haina kazi tena. Mzigo wote unabebwa na tairi moja la mbele na miguu miwili inayolishika, yaani shokapu.

Hilo wanalijua Binder na mafundi wake. Wasiolijua, au wanaojifanya hawalijui, ni wapenzi wa mwendo wa kawaida wanaonunua pikipiki za mbio za zamani, zile za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, kwa sababu bei yake inashikika. Akishaipata, kitu cha kwanza anachonunua ni bomba la moshi. Cha pili ni chujio la hewa. Cha tatu ni stika. Shokapu za mbele zinabaki na oili ileile ya miaka nenda rudi, imeshakuwa nyeusi na inanuka kama samaki aliyelala. Halafu jamaa anakwenda uwanjani kushindana na wenzake.

Mfano mzuri ni Suzuki SV650. Ilitoka mwaka 1999 ikiwa na injini ya silinda mbili zilizokaa kama herufi V, ujazo wa cc 645, na hadi leo ni vigumu kumpata aliyewahi kuiendesha akaisema vibaya injini hiyo. Ni nyepesi, inasamehe makosa, na vilabu vya mbio Uingereza na Marekani viliifanya kuwa shule ya wanaoanza. Lakini Suzuki walitaka kuiuza kwa bei ya chini, na mahali walipobana matumizi ni mbele. Waliifungia shokapu za milimita 41 zenye springi laini, na ndani yake wakaweka mfumo wa kizamani kabisa: bomba lenye matundu na oili inayopita humo.

Dereva wa bodaboda anaujua mfumo huo hata kama hajawahi kuufungua, maana ndio uliomo kwenye pikipiki nyingi zinazobeba abiria Dar es Salaam na Nairobi. Ukubwa wa matundu yale haubadiliki. Gurudumu likipanda taratibu, kama pale breki inapobanwa, oili inapita kirahisi na pua ya pikipiki inainama. Gurudumu likigonga tuta ghafla, oili yote inataka kupita kwa mkupuo, matundu hayatoshi, na shokapu inakakamaa kama nondo. Yaani inalegea pale inapotakiwa kukaza, inakaza pale inapotakiwa kulegea. Kwa bodaboda ya kilomita 40 kwa saa hayo ni maumivu ya kiuno tu. Kwa mtu anayeingia kona na 140 ni habari nyingine.

Breki inabanwa kwa nguvu, shokapu zinazama hadi mwisho, na katikati ya kona barabara ina kijituta kidogo tu. Shokapu haina tena nafasi ya kushuka. Tairi linaacha lami kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na likirudi chini halishiki. Tairi la nyuma likiteleza huwa linamwambia dereva kwanza, akiwa mzoefu anaokoa. La mbele halina adabu hiyo. Linaondoka, na dereva anajikuta chini akishangaa.

Ndiyo maana hoja ya kwamba shokapu ni anasa ya mabingwa haina miguu. Bingwa ana kipaji cha kuficha udhaifu wa pikipiki. Anayeanza hana. Kama kuna mtu anayehitaji mbele iliyotulia ni yule ambaye bado anabana breki kwa woga na kuiachia kwa pupa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba dawa yake si ya kutisha. Fundi anazifungua, anamwaga ile oili chafu, anabadilisha sili na bushi, anahakikisha miguu imenyooka. Hapo tu pikipiki ya miaka ishirini inaweza kumshangaza mwenyewe. Hatua inayofuata ni springi, na springi hununuliwa kwa uzito wa dereva akiwa na helmeti na mavazi yake yote ya ngozi. Hazinunuliwi kwa jina la kampuni. Kwa mtu wa kilo 80 hivi juu ya SV650, mafundi wengi huishia karibu na 0.9, maana yake kila milimita moja ya kushuka inahitaji mzigo wa karibu gramu 900. Mwenye kilo 60 akifunga za mwenye 100 kwa sababu kaambiwa ngumu ndiyo ya mbio, ameharibu fedha na ameharibu pikipiki.

Kisha kuna kile kivalvu kidogo ambacho kampuni ya Race Tech ya Marekani imekipatia jina kubwa. Kinakaa juu ya lile bomba la matundu, chini ya springi. Matundu ya zamani yanatobolewa yawe makubwa ili yasizuie kitu, na kazi ya kuibana oili inahamia kwenye valvu. Breki inapobanwa, oili inapita kidogokidogo na pua haizami hovyo. Tuta likija, valvu inafunguka na kuiachia oili. Ukubwa wake ni wa kutosha kiganjani, na kwa nje hakuna atakayejua kama kipo. Pengine ndiyo sababu wengi hawakitaki.

Wanachotaka ni kinachoonekana. Vijiwe vya pikipiki vimejaa ushauri wa kung'oa mbele yote na kufunga shokapu za GSX-R, zile zilizogeuzwa, sehemu nene juu na nyembamba chini. Haki lazima isemwe: kazi hiyo ikifanywa vizuri inalipa. Shokapu zile zina skrubu za kurekebisha, na mara nyingi zinakuja na breki zenye nguvu kuliko za SV. Lakini ni nani anayeifanya vizuri? Zinahitaji vishikio vyake, gurudumu lake, breki zake, wakati mwingine hata usukani mwingine. Urefu wake ukitofautiana na wa zamani, pua inashuka au inapanda, na pikipiki inabadilika tabia: ikishuka sana inageuka haraka lakini usukani unaanza kutikisika kwenye mwendo mkali. Springi zake nazo zilipangwa kwa pikipiki nyingine na dereva mwingine, kwa hiyo gharama ya springi iliyokwepwa inarudi palepale.

Na kuna swali ambalo wauzaji wa spea za mtumba hawapendi kuulizwa. Shokapu hizo zilitoka kwenye pikipiki gani, na kwa nini pikipiki hiyo ilivunjwa ikauzwa vipandevipande? Nyingi zilianguka. Pikipiki ikigonga kitu, kinachotangulia ni mbele.

Wanaodhani shokapu zilizogeuzwa ndizo pekee za kiume waikumbuke Honda Fireblade ya mwaka 1992. Wakati huo Suzuki na Kawasaki walikuwa wameshazigeuza za pikipiki zao kubwa za mbio. Honda, chini ya mhandisi Tadao Baba, wakabaki na za kawaida, ila nene za milimita 45, na wakahangaika na kupunguza uzito. Pikipiki ile ya cc 893 iliwaumiza kichwa wapinzani kwa miaka kadhaa. Honda hawakuzigeuza za Fireblade hadi toleo la mwaka 2000.

Lawama si ya madereva peke yao. Vilabu vinavyoandaa mbio za wanaoanza vina wakaguzi, na kelele za bomba la moshi zinapimwa kwa mashine, desibeli moja ikizidi mtu anarudishwa. Zikifika shokapu, mkaguzi anabonyeza mara mbili, akiona hazivuji anapitisha. Kitu kinachosumbua masikio ya majirani kinapewa kipimo, kinachoweza kumvunja mtu shingo kinapewa mkono. Hapo pana kasoro. Mwenye pikipiki ya zamani angetakiwa aonyeshe oili ilibadilishwa lini, na springi zake ni za uzito gani. Watasema wakaguzi ni wa kujitolea na muda hautoshi. Kipimo chenyewe kinachukua dakika tano.

Kinahitaji rula na kamba ya plastiki ya kufungia nyaya. Kamba inafungwa kwenye mguu wa shokapu, dereva anakaa na mavazi yake, na watu wawili wanamshikia pikipiki isimame wima. Kwa mbio, kukaa kwake kuishushe mbele kiasi cha milimita 30 hadi 35 kutoka pale shokapu zilipokuwa zimenyooka kabisa. Ikishuka 50, springi ni laini au zimechoka. Kisha kamba inaachwa hapohapo, dereva anatoka kwenda kukimbia. Akirudi baada ya mizunguko mitano na kamba ikakutwa imesukumwa hadi kwenye kikomo, fundi hana haja ya kumuuliza bomba lake la moshi ni la kampuni gani.