Kilichoachwa Si Kilichotupwa

Wako wauzaji na wakusanyaji wa sanaa ambao kwa miaka mingi wamejitetea kwa hoja moja: ati vigango vya Wagiriama huachwa na wenyewe, kwa hiyo avichukuaye hakuiba, ameokota. Hoja hiyo ni ya mwizi aliyevaa suti.

Kigango ni nini? Ni nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha duara na nakshi za pembetatu, iliyosimikwa bomani kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Wafu wengine husimikiwa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo. Hapo ndipo madhabahu ya nyumbani. Mwenye boma huenda na tembo la mnazi, akamwaga kidogo chini, akawaita wazee wake na kuwaeleza shida: mtoto anaumwa, mvua imechelewa. Ubao peke yake si kitu. Maana yake imo katika kuitwa huko, mahali pale, na watu wa damu ile.

Ndiyo maana haking'olewi. Ukoo ukihamia shamba jipya, wazee hubaki walipo. Je, kubaki huko ni kutupwa? Wewe uliyehamia Mombasa ukaacha kaburi la babu yako kijijini, umelitupa? Mtu akija usiku akang'oa msalaba au jiwe lake akaliuza, utamwita mwokotaji?

Mwaka 1985 vigango viwili viliibwa katika boma moja la Kigiriama. Kabla ya hapo mtafiti mmoja alikuwa amempiga picha mwenye boma amesimama kando yake. Aliporudi kumletea picha hiyo, mzee alimwomba amsaidie kuvitafuta. Vilikutwa katika makumbusho mbili za Marekani, vikarudishwa Kenya mwaka 2007. Basi tuulize: mtu hutafuta alichokitupa?

Wala tusiwalaumu wageni peke yao. Vigango havijing'oi. Mara nyingi aliyeshika jembe usiku ni kijana wa papa hapa, naye alipewa vijisenti kwa kitu kilichouzwa ng'ambo kwa maelfu ya dola.

Picha ile iliokoa viwili tu. Vilivyo vingi havikupigwa picha, na makumbusho husubiri ushahidi. Sisi tunasema mzigo wa ushahidi ni wao. Waonyeshe ni mzee gani aliyeviuza, na aliwauzia kwa idhini ya nani. Wakishindwa, wavirudishe.