"Utazoea" si jawabu

BARAZANI
Na Mwanahamisi Mbwana

Julai ndiyo hii. Stendi zimejaa matranka, magodoro yaliyoviringishwa na kina mama wanaofuta macho kwa ncha ya mtandio. Wanafunzi wa kidato cha tano wanaripoti shule walizopangiwa, na Serikali ikishapanga haiulizi kwenu wapi.

Mimi nilitoka Tanga nikapelekwa Njombe, zaidi ya kilomita 800. Mama alinifungia papa wa ng'onda kwenye gazeti, akamsokomeza chini ya sare. Baridi ya huko iliniingia mifupani. Chakula ugali na maharage. Nazi, hata harufu yake hakuna. Kila niliyemwambia nimekumbuka nyumbani alinijibu neno moja: "Utazoea." Mwalimu wa zamu, matroni, hata baba kwenye barua yake.

Usiku nilikuwa nainua mfuniko wa tranka kidogo, navuta harufu ya papa, nafunga. Bweni zima likanuka. Siku ya nne kiranja, dada wa kidato cha sita kutoka Bukoba, akanisimamia kitandani: "Hicho kinachonuka kitoke leo!" Nikaangua kilio. Akanitazama, akaondoka.

Taa zilipozimwa alirudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na senene, wamebaki kama ukufi mmoja. "Hawa ni wa tangu Desemba," akanong'ona. "Nakula mmoja mmoja, wasiishe."

Kumbe mwaka mzima umepita na mwenzangu hajazoea. Amejua kuficha tu.

Sipingi vijana kupelekwa mbali. Bila Njombe nisingempata Mhaya wangu huyo, ambaye hadi leo harusi ya kwetu haifungwi asipokuwepo. Ninachokipinga ni hilo "utazoea" linalomziba mtoto mdomo. Simu haziruhusiwi shuleni, sawa. Basi matroni atoe yake kila Jumamosi katika mwezi wao wa kwanza shuleni, dakika tano kwa kila mgeni. Nawe mzazi ukipigiwa, usianze na masomo wala ada. Mwambie kuku katotoa vifaranga wangapi, nani kaposwa, na leo mmepika nini.

Mimi nimekaa Dar es Salaam miaka ishirini sasa. Fungua kabati langu la jikoni: papa yumo, na majirani wanalalamika.