Fyuzi kwanza, muziki baadaye

Mwandishi, kwenye makala yako ya kufunga muziki kwenye gari, suala la fyuzi umelipita haraka mno. Huku Kinondoni gari za IST na Noah zilizotumika Japani zimejaa, na redio zake za Kijapani zimetengenezwa kwa FM 76 hadi 90, hivyo stesheni nyingi za huku hazishiki. Mtu akienda kubadilisha redio, anaongeza na amplifaya humo humo. Fundi anavuta waya mwekundu kutoka kwenye betri, anaupenyeza kwenye tundu la bati kavu bila mpira, halafu fyuzi anaiweka kule nyuma kwenye buti. Waya ukichubuka njiani ukagusa bodi, hakuna cha kukata umeme, gari linawaka moto. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45.

Waya za spika nazo zina mambo yake. Upande wa hasi usiufunge kwenye bodi eti kuokoa waya. Amplifaya nyingi zitaungua. Rangi za waya zikiwa zimefifia, chomoa spika kwenye redio, chukua betri ya saa ya ukutani ya volti 1.5, gusisha kidogo tu: koni ikisogea nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Spika moja ikifungwa kinyume, besi inapotea hata ununue sabwufa ya bei gani. Na spika mbili za omu 4 zikifungwa sambamba zinakuwa omu 2, kwa hiyo soma kwanza amplifaya yako inaruhusu ngapi.

Ndugu zangu wa Bajaji mnaofunga muziki, ninyi hasa: fundi awaonyeshe fyuzi ilipo kabla hamjamlipa.