Njaa haizaliwi na watoto

Wako wanaoshikilia kuwa njaa huletwa na wingi wa watoto. Ndugu msomaji, tuutazame Mkoa wa Mara. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,743,830. Ya 2022 ikahesabu 2,372,015. Wameongezeka, ni kweli. Lakini minofu ya sangara wa Musoma imepelekwa Ulaya miaka mingi, naye mwenyeji akaachiwa mapanki. Japani, yenye wazee wengi na watoto wachache, huagiza nje zaidi ya nusu ya chakula chake kwa hesabu ya kalori, wala haina njaa, kwani ina fedha. Basi kabla ya kumlaumu mzazi wa Bunda au Butiama, tuulize mavuno yake yalinunuliwa kwa bei gani. Haki ya jirani mwenye njaa haifutwi na idadi ya watoto wake.