Mdhamini Si Mwenye Pesa

Huku chuoni mvua inanyesha, majaribio yanakaribia, boom halijaingia, kwa hiyo hali mnaielewa wenyewe. Ila leo sitaki kulia njaa. Nataka tuongee jambo lililoniletea ubishi chumbani wiki nzima: nimekubali kuwa mdhamini wa kikundi cha muziki huko nyumbani, Ngamiani, Tanga. Kwa kujitolea. Hakuna posho, hakuna nauli, na hata soda ya kikao sina uhakika nayo.

Kikundi chenyewe ni kidogo. Mzee wetu mmoja aliyekuwa anapiga gitaa la besi enzi zake ameanza kufundisha watoto wa mtaani. Wanakuja jioni baada ya madrasa na tuisheni, wanapokezana kinanda kimoja, magitaa mawili, fidla mbili na ngoma. Vyombo vinalala chumba cha uani nyumbani kwake. Hakuna anayelipa ada ya maana. Sasa wanataka kujiandikisha rasmi, na ili wajiandikishe wanahitaji wadhamini. Mzee akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ni mwalimu, jina lako tumeshaliandika." Shikamoo mzee, nikasema, lakini nipe kwanza siku tatu.

Nilipowaambia wenzangu, wa kwanza akauliza: "Kwani wewe una hela?" Wa pili akauliza: "Nani kakamatwa?" Tulicheka sana, lakini baadaye nikaona kwamba shida yote imo humo humo. Neno letu hili, mdhamini, linabeba watu watatu. Yupo mdhamini anayetoa pesa halafu jina lake linaandikwa kwenye bango la tamasha. Yupo mdhamini anayekwenda mahakamani kumtoa ndugu yake. Na yule wa fomu za Bodi ya Mikopo, ambaye sisi wote tulimbembeleza atie saini, naye ni ndugu wa huyo wa pili: anabanwa yeye mwenzake akikimbia. Wa tatu, ambaye watu wengi hawamjui, ndiye huyu wa kikundi. Hatoi pesa na hamtoi mtu rumande. Anashika mali isiyo yake kwa ajili ya watu ambao wengine hata hawajazaliwa.

Sisi watu wa pwani tuna neno zuri zaidi kwa jambo hili: amana. Jirani akisafiri akakuachia kuku wake, huwachinji kwa sababu umepata wageni. Ndiyo kazi yenyewe, basi.

Kisheria ni hivi, kwa wale ambao hamjawahi kukutana nayo (na walimu wenzangu tuijue, maana huko vijijini tutakakopangiwa tutaombwa tu). Tanzania Bara tuna Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Wadhamini wakiandikishwa chini yake, na siku hizi shughuli hiyo iko RITA, wanakuwa kama mtu mmoja mbele ya sheria. Huyo "mtu" anaweza kumiliki kiwanja, kushitaki na kushitakiwa, na ana mhuri wake. Mdhamini mmoja akifariki au akihamia Mwanza, yule "mtu" hafi. Ipo njia nyingine ya kuandikishwa kama shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria namba 24 ya mwaka 2002, ambayo inadai taarifa ya kazi kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Na shughuli za sanaa zina BASATA, iliyoundwa kwa Sheria namba 23 ya 1984.

Najua karatasi zinachosha. Lakini angalia maana yake kwa kile chumba cha uani. Leo hii, Mungu aepushe, mzee akiondoka duniani, kile kinanda ni cha nani? Watoto wake watasema ni mali ya baba, na kwa macho ya kawaida wana haki ya kusema hivyo, kwa sababu hakuna karatasi inayosema vingine. Watafanya mirathi, kinanda kitauzwa, na wale watoto wa jioni watarudi kucheza gololi. Hakuna mwizi hapo. Kuna kitu tu ambacho hakikuwahi kuwa cha mtu yeyote isipokuwa mwenye chumba.

Na sisi watu wa Tanga hatuna udhuru wa kulichukulia jambo hili kijuujuu. Mji wetu ulikuwa mji wa muziki hasa. Miaka ya 1960 na 1970 Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilisikika nchi nzima kutoka hapa hapa. Black Star Musical Club walichukua taarab wakaitia magitaa ya umeme, wakaipa sura mpya iliyosambaa mwambao mzima, kisha ikaja Lucky Star. Bi Shakila Saidi, aliyefariki mwaka 2016, aliimba na klabu hizo zote mbili. Sasa nenda Ngamiani, anzia barabara ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, uulize kila mtu mzima: vile vyombo vilikuwa vya nani, na viliishia wapi? Utapewa hadithi tamu za dansi na za mavazi. Swali la vyombo litakupa kimya kirefu.

Maana umiliki ndio unaoamua nani atabaki. Tazama bendi za Dar. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilianza mwaka 1964 ikaitwa Nuta Jazz kwa sababu mwenye mali alikuwa NUTA. Chama kilipobadilika ikawa Juwata, halafu OTTU, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Wanamuziki walikuwa wale wale au warithi wao, jina likawa linamfuata mwenye vyombo. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, TTTS. Mambo ya shirika yakaharibika, na mwaka 1983 bendi ikaenda DDC. Ilipona, tena ilipona vizuri, lakini ilipona kwa sababu alipatikana tajiri mwingine. Asingepatikana je?

Linganisha na Ikhwani Safaa ya Unguja. Ilianza mwaka 1905 kama klabu ya wanachama. Imepita kwenye ukoloni, vita kuu mbili na Mapinduzi ya 1964, na jina la waanzilishi wake bado linatajwa zaidi ya miaka mia baadaye. Sisemi ni katiba peke yake iliyowafikisha huko. Ila kuwa mali ya wanachama, badala ya kuwa mali ya tajiri au ya nyumba moja, bila shaka kulisaidia.

Najua mtaniambia: mbona hata zenye bodi na karatasi zinayumba? Kweli kabisa. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe, kilichoanzishwa mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi udi, kanuni na fidla, na bado mwaka 2019 kilifika pahala pa kuhofia kufunga milango kwa kukosa wafadhili. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, halikufanyika mwaka 2016 kwa sababu hiyo hiyo ya fedha. Kwa hiyo bodi haileti pesa kwa miujiza. Lakini taasisi yenye kumbukumbu na hesabu inapokwama, inaweza kusimama mbele ya watu ikasema: tuna hiki, tumepungukiwa na hiki, tusaidieni. Busara walirudi mwaka 2017. Mwenye vyombo uani ataanzia wapi?

Sasa twende kwenye ubishi wa chumbani. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu sana ana hoja nzito. Anasema kujitolea ni jina zuri la kumfanyisha kazi kijana bure. Anasema wazee wanataka jina la msomi kwenye fomu ili mfadhili afurahi, halafu mambo yaendelee kama zamani. Na pakiharibika, nani ataitwa? Mwenye jina.

Hapo yuko sahihi kwa nusu. Vyeo bila kazi tumevizoea pwani, hatukuanza jana. Vikundi vya beni vya enzi za Mjerumani na Mwingereza vilikuwa na kingi, na jenerali, na vyeo vingine chungu nzima. Vilipendeza kweli, na watu walijichangisha kwelikweli. Mimi mwenyewe nimewahi kuona kikundi kimoja, sitakitaja, ambacho kilikuwa na wadhamini saba kwenye karatasi na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua akaunti iko benki gani. Mdhamini wa namna hiyo ni picha ukutani.

Ila nusu ya pili simkubalii. Kama kijana anayejua kusoma hesabu anakataa kwa kuogopa kutumiwa, nafasi ile haibaki wazi. Anaingia mwingine ambaye hataki kuuliza. Dawa ya kufanywa picha ni kuweka masharti kabla ya saini. Kwa hiyo siku ya tatu nilimpigia mzee nikamwambia nakubali, lakini nina maswali manne, na nitayauliza kila kikao mpaka anichoke.

La kwanza: vyombo viko vingapi na viko wapi leo? Liwepo daftari. Kila chombo kina namba, nani kakichukua, lini, kimerudi kikiwa na hali gani. Mwalimu yeyote aliyewahi kushika daftari la mahudhurio anaweza kazi hii.

La pili: pesa inatoka kwa saini za nani? Zisipungue mbili, na zisiwe za watu wa nyumba moja. Na kama kijana wa mjomba wangu ndiye anayekodisha spika, mimi natoka nje wakati wanaamua.

La tatu: nani anabaki na watoto? Hili ndilo lililonishughulisha kuliko pesa. Tuna Sheria ya Mtoto namba 21 ya mwaka 2009, sisi wa ualimu tunaisoma. Watoto wa miaka tisa, kumi, jioni, chumba cha uani. Mzee namwamini kama baba. Lakini mdhamini hawekwi ili aamini. Mlango ubaki wazi, wawepo watu wazima wawili, mzazi yeyote aruhusiwe kuingia saa yoyote bila kupiga hodi mara tatu. Muziki utafundishika tu mlango ukiwa wazi, na majirani watafaidi.

La nne: mimi natoka lini? Nimeomba iandikwe miaka mitatu, nikirudiwa mara moja basi. Amana isiyo na siku ya kurudishwa inaanza kunukia umiliki.

Mzee alinyamaza kidogo kwenye simu. Nikadhani nimemkosea adabu. Halafu akasema: "Hilo la vyombo hata mimi linaninyima usingizi. Njoo likizo uandike hilo daftari." Hilo la mlango akasema mkewe alishalisema zamani. La miaka mitatu hakulijibu, kwa hiyo tutalizungumza ana kwa ana, kwa heshima zote.

Gharama nazo nisizifiche. Ada za usajili, mkaguzi wa hesabu, nenda rudi za ofisini, kwa kikundi chenye kinanda kimoja ni mzigo. Ndiyo maana nasema si kila kikundi kikimbilie mhuri kesho. Kinaweza kuanza na daftari, akaunti yenye saini mbili na mkutano wa wazazi kila muhula. Hayo hayadai ada ya usajili, na siku ya kwenda RITA ikifika kazi kubwa itakuwa imeshafanyika.

Nawageukia ninyi mnaosoma ualimu, uhasibu, sheria. Kila likizo tunarudi mitaani kwetu tunaulizwa "msomi, umetuletea nini?" tunaona aibu kwa sababu mfukoni hamna kitu. Shule nilizosoma mimi hazikuwa na kinanda hata kimoja. Mtoto wa Ngamiani anayetaka kujifunza muziki anategemea vikundi kama hiki, na kikundi kama hiki kinategemea apatikane mtu wa kukaa kikao cha saa mbili bila soda na kuuliza lile swali ambalo wote wanaona haya kuliuliza. Hilo tunaliweza hata boom lisipoingia.

Naomba kutoa hoja. Anayepinga aje chumbani, ubishi bado unaendelea, chai ipo, sukari aje nayo.