Kombora Halisomi Bendera

Wengi wetu kombora la begani tunalijua kutoka kwenye muvi. Jamaa anatokea juu ya paa, anaweka bomba begani, anafyatua, ndege inalipuka, stori inaendelea. Mimi nasema kitu hiki kifundishwe darasani, kwenye Fizikia, tena bila aibu. Anayeelewa linavyofanya kazi ataelewa pia ni wapi hasa linaweza kuzuiwa.

Hebu tuanze na lenyewe. Pamoja na bomba lake lina uzito wa kilo 15 hivi, yaani pungufu ya ndoo ya maji ya lita 20. Chaji ndogo hulisukuma nje ya bomba kwanza. Injini yake kubwa huwaka likiwa limeshafika mita kadhaa mbele, la sivyo lingemuunguza aliyelibeba. Baada ya hapo linakimbia kuliko sauti. Aina nyingi, kama Strela-2 ya Warusi na Stinger ya Wamarekani, zina kihisi cha miale ya infraredi puani, miale ileile ya joto tunayoifundisha kwa mfano wa pasi au rimoti ya TV. Injini ya ndege ni jiko kubwa linalopita kwenye anga baridi, na kihisi hulifuata jiko hilo.

Sehemu inayonivutia zaidi ni jinsi linavyolenga. Halikimbilii pale ndege ilipo, kwa sababu likifika hapo ndege imeshaondoka. Umewahi kupanda daladala ukaona bodaboda inakuja kutoka barabara ya pembeni? Kama kwenye kioo inasogea mbele au nyuma, mtapishana. Ikionekana imeganda palepale huku inazidi kuwa kubwa, shika chuma, mnagongana. Kombora linatumia kanuni hiyo kinyume: linajigeuza geuza mpaka shabaha igande palepale machoni mwake. Hizo ni pembe na kasi tu, hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazipata vizuri akielekezwa.

Lakini kihisi hicho hakisomi bendera. Hakijui kama ndani kuna mabomu au watoto wanaorudi likizo. Kujua hilo ni kazi ya aliyelibeba.

Na hapa si hadithi za mbali. Tarehe 28 Novemba 2002 makombora mawili aina ya Strela-2 yalifyatuliwa Mombasa kuilenga ndege ya abiria ya shirika la Arkia la Israeli, iliyokuwa ndiyo kwanza inapaa. Yote yalikosa, na ndege ikaendelea hadi Tel Aviv. Asubuhi hiyohiyo hoteli ya Paradise, Kikambala, ililipuliwa kwa bomu wakafa watu 13, wengi wao Wakenya. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba makombora yale yalipita Yemen, kisha Somalia, ndipo yakaingia Kenya. Miaka minane kabla yake, tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa kwa makombora ikikaribia kutua Kigali, na Rais Ntaryamira wa Burundi akiwa ndani. Walikuwa wanatoka mkutanoni Dar es Salaam. Kilichofuata Rwanda sina haja ya kukieleza.

Mtu atasema, si ndege zifungwe vifaa vya kujikinga? Israeli iliamua hivyo baada ya Mombasa. Ndege za kijeshi nazo humwaga mioto ya kulaghai ili kombora lifuate moto badala ya injini, japo vihisi vipya vinazidi kujifunza kutofautisha. Ila vifaa hivi ni ghali, na mashirika mengi ya ndege duniani hayana. Ndege ya abiria inapaa taratibu, njia yake inajulikana, na rubani wake hawezi kukata kona kama ndege ya kivita. Likishatoka bombani, kwa abiria mchezo umekwisha au bahati imeingilia.

Kwa hiyo pa kulizuia ni ghalani. Marekani iliwagawia wapiganaji wa Afghanistan Stinger kuanzia 1986, halafu vita vilipoisha ikahangaika kuzinunua tena moja moja. Utawala wa Gaddafi ulipoanguka mwaka 2011, makadirio yalikuwa kwamba Libya ilikuwa imejikusanyia makombora kama 20,000 kwa miaka mingi, na maghala yake yakavunjwa. Kufuli moja mbovu ghalani ina madhara kuliko rada yoyote nzuri uwanjani.

Najua kuna mhadhiri atakayeniuliza kama nataka kufundisha watoto ugaidi. Hapana, mwalimu. Hakuna mwanafunzi atakayetengeneza kihisi kwa kujua mfano wa bodaboda, kama ambavyo hakuna anayetengeneza bomu la nyuklia kwa kujua atomu. Ila darasani kwetu amekaa atakayekuwa afisa forodha mpakani, mwanajeshi wa kulinda ghala, na mbunge atakayepitisha bajeti ya ulinzi wa silaha. Tukimfundisha infraredi kwa pasi peke yake, atafaulu mtihani, halafu siku anakutana na kasha refu la kijani ndani ya lori, atapiga muhuri.